Picha ya Ubavuni

Jecinta alikuwa na tabia moja ambayo mamake aliiita adabu na mwalimu wake wa chuo akaiita woga: hakupenda kuuliza jambo mara ya pili. Ukimwambia kitu akakisikia nusu, ataitikia kwa kichwa, atatabasamu, kisha ataenda kando kuijaza ile nusu nyingine mwenyewe. Mara nyingi aliijaza vizuri. Alikuwa msichana wa akili, mwenye stashahada ya usanifu wa michoro, na mkono ambao bosi wake, Mbugua, alisema ungeweza kumpaka nzi rangi bila kumwamsha.

Karakana ya Mbugua iko Umoja, nyuma ya duka la mbao. Mbugua ni seremala. Alitengeneza vitanda na kabati za vyombo miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja mteja akamletea mashine ya gemu ya zamani, zile za kusimama kama kabati ambazo watoto wa mtaa walizilisha shilingi tano tano madukani. Mbao zake zilikuwa zimeoza miguuni. Mbugua aliikata, akaiunga, akaipiga msasa, na yule mteja akaenda kuwaambia wenzake. Sasa vitanda vinasubiri. Karakana imejaa mashine zilizosimama zikitazamana, vioo vyake vimezimika.

Kioo na nyaya hupelekwa kwa fundi wa televisheni. Mbao ni za Mbugua. Picha ni za Jecinta.

Kwa maana mashine hizi zilipotoka kiwandani zilikuwa zimepakwa picha ubavuni, kushoto na kulia: vyombo vya anga, sayari, majitu yenye meno. Zilipofika huku Eastlands, jua na migongo ya watoto viliziparua, na kila mwenye duka akapaka yake juu. Wa kwanza bluu, wa pili nyeusi, wa tatu nembo ya timu aliyoipenda. Chini ya hayo yote picha ya kiwandani mara nyingi bado ipo. Jecinta huzibandua rangi hizo tabaka baada ya tabaka, kwa thina na kitambaa laini, polepole, mpaka aifikie ile ya kwanza. Halafu huilaza karatasi ya kunakilia juu yake, akafuata kila mstari kwa penseli, akaichora upya kwenye kompyuta na kuichapisha kwenye stika nzito. Mashine ikirudi kwa mwenyewe, utadhani imeshuka melini jana.

Mashine ya Kaloleni ililetwa siku ya Jumanne, imelazwa chali juu ya mkokoteni, imefunikwa blanketi la kijivu. Nyuma yake alikuja mama mmoja wa miaka kama sabini, mwembamba, mkoba kifuani, ameufuata mkokoteni kwa miguu kutoka Jogoo Road kana kwamba alihofia utapotea njia. Wote Kaloleni walimwita Mama Muriuki. Jina lake mwenyewe, Asenath, lilibaki kwenye kitambulisho tu.

"Wewe ndiye fundi?" akauliza.

"Fundi ametoka kidogo, shosho. Ameenda Gikomba kutafuta mbao. Mimi ni wa picha."

"Wa picha." Mama Muriuki alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Basi ni wewe ninayekutaka."

Aliketi juu ya kreti, akapumua, akaeleza. Mashine ameiuza kwa Mohamednur, kijana wa Buruburu anayefungua mkahawa wa kahawa na gemu za kale. Yeye mwenyewe anahama. Anaenda Ruiru kwa bintiye, Kate, ghorofa ya tatu.

"Na Kate amesema ni mashine au ni mimi. Mmoja wetu ndiye atapandishwa ngazi." Akacheka peke yake. Jecinta naye akatabasamu, kwa kuchelewa. "Mtaifanya mtakavyo, sina neno. Lakini ile picha ya ubavuni, huu ubavu wa kushoto, unisafishie kwanza. Vizuri kabisa. Ndiyo muendelee na mambo yenu."

Jecinta alishangaa kidogo. Kwa nini *unisafishie*, wakati mashine si yake tena? Swali lilimfika mpaka kwenye meno. Dukani msumeno wa umeme ukaanza kulia, mama akawa anamtazama kwa macho yaliyokwisha kuridhika, na Jecinta akaona haya.

"Sawa, shosho," akasema, akaitikia kwa kichwa.

"Itachukua siku ngapi?"

"Tatu. Nne hivi."

"Mmeendelea. Zamani ilikuwa wiki nzima." Mama Muriuki akasimama, amefurahi. "Nitakuja Jumamosi."

Ubavu wenyewe ulikuwa mweusi tititi. Miaka thelathini mashine hiyo ilisimama kwenye ujia wa nyumba, jirani na jiko la makaa, na masizi yalikuwa yameganda juu yake kama ngozi ya pili. Mbugua alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja: hugusi kitu kabla ya kukipiga picha kwa simu. Jecinta akapiga picha. Weusi mtupu, na mahali fulani katikati mstari hafifu unaopinda.

Akachemsha maji, akatia sabuni, akaosha.

Aliyetokea chini ya masizi alikuwa mvulana. Amevaa nguo za rubani wa anga, helmeti kaiweka kwapani, nyuma yake nyota zilizochorwa kwa kubonyeza brashi. Mpakaji alitumia rangi ya mafuta, ile ya milango. Shingo aliifanya ndefu mno, na vidole vya mkono vikawa kama ndizi. Lakini uso ulikuwa na uchangamfu. Mvulana alicheka kwa meno yote, na katikati ya meno ya juu palikuwa na mwanya. Chini kwenye kona iliandikwa: KADAR ARTS.

Karibu na bega rangi ilikuwa imeruka kidogo, na ndani ya tundu hilo Jecinta akaona mstari mwekundu ulionyooka kama rula. Kiwanda. Moyo ukamdunda kama unavyomdunda kila mara, maana hakuna mwanadamu aliyeuona mstari ule tangu kabla yeye hajazaliwa. Akavaa glavu.

Alianzia chini, kwenye buti. Alipofika usoni aliusimamisha mkono. Kwa nini, hakujua. Yule mvulana alimtazama tu, anacheka.

"Samahani," Jecinta akamwambia, kwa sauti ndogo, asije akasikika. Akakilowesha kitambaa, akafuta.

Jumamosi Mama Muriuki alikuja amevaa nguo za kanisani na kubeba kitu bapa kilichofungwa kwa gazeti. Mbugua alikuwepo siku hiyo, kwenye benchi lake, anapiga randa mguu wa mashine nyingine.

"Umesafisha?" mama akauliza hata kabla ya salamu.

"Nimemaliza, shosho. Imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia."

"Mungu akubariki. Mimi usiku sikulala, kama mtoto wa shule." Alikuwa anafungua lile gazeti. Ndani yake mlikuwa na fremu mpya ya mbao, kioo bado kina vumbi la dukani. "Lete niione."

Jecinta alicheka kidogo, akavuta blanketi. "Hii hapa."

Ubavu mzima uling'aa. Chombo cha anga cha rangi ya fedha kilipaa kutoka sayari nyekundu, miali ya njano ikitawanyika nyuma yake. Palikuwa na mikwaruzo hapa na pale, lakini kila mstari ulisomeka.

Mama Muriuki aliutazama. Akamtazama Jecinta. Akazunguka upande wa pili wa mashine, akarudi.

"Huu ni ubavu wa mashine, nauona," akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto kujibu swali. "Mimi naulizia picha."

"Ndiyo hii, shosho. Ilikuwa chini. Ile ya juu nimeitoa yote."

"Umeitoa ukaiweka wapi?"

Jecinta hakuelewa swali, na kwa mara nyingine akatabasamu. Randa ya Mbugua ikanyamaza.

"Mama," Mbugua akasema, "huyu msichana ulimwambia nini, hasa?"

"Nilimwambia anisafishie picha." Akamgeukia Jecinta. "Si ulisema sawa? Si uliitikia?"

Mbugua alifumba macho. Alipoyafumbua aliiweka randa chini, akaja akasimama kati yao, vumbi la mbao likimwanguka mikononi.

"Jecinta. Kusafisha picha. Hujawahi kusikia? Ulikuwa unapiga filamu, unaipeleka studio, wanasafisha, unarudi baada ya wiki unapewa picha zako ndani ya bahasha. Kusafisha ni kuitoa. Ni kuipata, uende nayo nyumbani. Alitaka umtolee nakala."

Jecinta alizaliwa mwaka wa elfu mbili na moja. Karibu picha zote alizowahi kupigwa zilijitokeza papo hapo kwenye kioo cha simu, hazikuhitaji kusafishwa na mtu. Alisimama pale, glavu moja mkononi, na neno lile likamgeukia kichwani kama ufunguo.

"Nimeifuta," akasema. "Shosho, mimi nimeifuta."

Mama Muriuki hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliketi juu ya kreti ileile aliyoikalia Jumanne, fremu mapajani, na kwa muda akawa anakisugua kioo chake kwa pembe ya kitambaa cha kichwani.

"Muriuki alikuwa kitindamimba wangu," akasema baadaye, akimwambia Mbugua zaidi kuliko Jecinta. "Homa ya uti wa mgongo. Aliugua Jumapili, Jumatano hayupo. Miaka kumi na mitano, hata kitambulisho hakufika. Picha zake zilikuwa kwenye albamu, na albamu ilikuwa chini ya kitanda. Hii mvua ya mafuriko ilipoingia zilishikana zikawa kama tofali. Kate alijaribu kuzibandua kwa mvuke wa sufuria. Zikatoka nyeupe." Akakitazama chombo cha anga. "Nikasema, si kitu. Hiyo ya mashine ipo. Hiyo ni ya mafuta, maji haiogopi."

"Shuleni je?" Mbugua akauliza. "Picha ya darasa?"

"Siku hiyo alikuwa na malaria."

"Kosa ni langu, mama. Ningekuwepo."

"Si lako." Hapo ndipo alipomtazama Jecinta, bila hasira, na hilo likawa zito zaidi. "Aliitikia. Mtu akiitikia unaona ameelewa." Kisha akauliza, "Vile vitambaa ulivyofutia, viko?"

Vilikuwa kwenye ndoo, vimekauka, vimekakamaa. Jecinta aliileta. Mama Muriuki alivitoa kimoja kimoja: cha bluu, cheusi, kimoja chenye wekundu. Alipopata cha kahawia alikikunjua, akakiangalia ndani, akakikunja tena kwa nne, akakitia kwenye mkoba. Fremu aliiacha juu ya kreti. Hakuna aliyemkumbusha.

Kuanzia siku hiyo Jecinta hakula vizuri. Aliifungua ile picha ya masizi kwenye kompyuta, akaiongeza mwanga, akaibadili rangi, akaivuta mpaka ikawa vijisanduku vitupu. Alipata ukingo wa sikio na kipande cha bega. Akajaribu kuchora kwa kumbukumbu. Alikuwa ameishi na uso ule robo saa tu, na katika robo saa hiyo alikuwa akiitafuta picha nyingine. Alichora mara nne. Mara zote nne alitoka ndugu yake Jecinta, wa Nyeri, aliye hai na mzima.

"Jichape pia, umalize," Mbugua alimwambia siku ya tatu, akimsukumia chapati. "Kula. Halafu niambie, pale chini paliandikwa nini?"

"Kadar Arts."

"Sasa si ungesema? Kadar ndiye alipaka nusu ya mabango ya Jogoo Road nikiwa kijana. Sijasikia kwamba amekufa."

Hakuwa amekufa. Walimpata Eastleigh, ndani ya duka la mapazia la bintiye, mzee mnene mwenye ndevu za hina, amekaa katikati ya marobota ya vitambaa kama mfalme aliyestaafu. Mbugua alibaki nje na gari la kukodi. Jecinta alisalimia kwa heshima, akaeleza kwa sauti ambayo mzee alimwomba aipandishe mara mbili, na akaipandisha.

"Kaloleni," mzee Kadar akasema. "Mama wa mandazi. Naikumbuka hiyo mashine, nilipaka siku mbili, nikala mandazi siku mbili."

"Na sura, mzee? Sura ya yule mvulana unaikumbuka?"

Mzee aliinyoosha mikono akaomba kalamu. Kwenye karatasi ya kaki ya kufungia mapazia, bila kufikiri, bila hata kuacha kuongea na mteja aliyekuwa anauliza bei ya lesi, alichora. Nyusi, pua, mashavu, masikio. Haikuchukua hata dakika mbili. Jecinta aliona nywele za mikono zikimsimama. Ni yeye. Ni yule yule, kwa kila mstari.

"Umemkumbuka," akasema, na machozi yakamjaa.

"Nani?" Mzee alimtazama kwa mshangao, kisha akacheka taratibu, tumbo likitikisika. "La, abaayo, dada yangu. Mimi nilikuwa na sura moja tu. Nilijifunza kwenye boksi la sabuni. Nikiitia ndevu, ni bango la kinyozi. Nikiitia kofia nyeupe, ni la bucha. Nimeipaka mpaka Machakos." Akaiangalia karatasi, akaongeza mstari mdogo kati ya meno. "Huu tu ndio wa kijana. Alisimama mgongoni kwangu siku mbili akiniambia, nitie mimi, nitie mimi. Nikamtia mwanya. Akakimbia kumwita mamake: njoo unione."

Akampa ile karatasi. Jecinta aliikunja kwa uangalifu, akatoka nayo nje kwenye jua, akawa haoni gari liko wapi.

"Umepata?" Mbugua akauliza.

"Nimepata."

"Sasa mbona uso umekuwa hivyo?"

Njiani akamwambia. Mbugua aliendesha mpaka wakapita Pumwani.

"Mpe tu," akasema mwishowe. "Yeye alitaka picha. Hiyo ndiyo picha. Nani atamwambia mengine?"

Nyumba ya Mama Muriuki ilikuwa imejaa maboksi. Kate angekuja na pikapu mwisho wa wiki. Kwenye ujia, mahali mashine iliposimama, palibaki mstatili msafi sakafuni, na ukuta wa nyuma ulikuwa mweupe kwa umbo la kabati, masizi kote kando yake. Jecinta alipita hapo akiwa ameelekeza macho chini. Mama Muriuki alimkaribisha jikoni, akamtilia chai kwenye kikombe pekee ambacho hakikuwa kimefungwa, yeye akanywea kopo.

Jecinta aliikunjua karatasi ya kaki juu ya meza.

Mama Muriuki aliweka kopo chini. Kidole chake kikafuata shavu, nyusi, kikasimama kwenye mwanya.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Ndiyo picha yangu." Sauti ilikuwa imepungua. "Ni Kadar? Bado yuko? Amemkumbuka mtoto wangu miaka yote hiyo?"

Ilikuwa rahisi sana. Shingo ya Jecinta ilikwishaanza kuinama. Lakini aliona mstatili ule mweupe kupitia mlango, akaona aibu ya aina nyingine, kubwa kuliko ile aliyozaliwa nayo.

"Hapana, shosho," akasema. "Alikumbuka mwanya. Uso ni wa mabango yake. Aliwachora watu wote hivyo."

Nje mtu alikuwa anauza mboga, akiita kwa majina kila nyumba. Alipofika kwa Mama Muriuki aliita mara mbili, akaona hajibiwi, akaendelea mbele.

"Nilimwambia," Mama Muriuki akasema. "Siku ile ile nilimwambia Kadar, hii pua si yake. Akaniambia mama, rangi ya ngozi imeisha, nitarudi nirekebishe. Tukacheka. Muriuki akasema hata yeye anaitaka hiyo, ni nzuri kuliko yake." Akainua karatasi, akaishika mbali na macho. "Hakurudi. Halafu mtoto akaenda. Sasa ukiwa na pua moja tu ya kuangalia, utaangalia ipi? Niliiangalia asubuhi, niliiangalia jioni, mpaka masizi yakaifunika. Siku hizi nikifumba macho anakuja na hiyo. Nilikuwa najua, msichana wangu. Nilikuwa najua na sikuwa najua."

"Ya kweli ilikuwaje?" Jecinta akauliza. Alikuwa ametoa daftari lake na penseli. "Niambie polepole. Nitachora, wewe utaniambia nimekosea wapi."

Wakajaribu. Pua ilikuwa pana zaidi. Hapana, si pana, fupi. Macho yalikuwa ya babake. Lakini macho ya babake yalikuwaje? Jecinta alichora, akafuta, akachora. Kila uso ulipoanza kusimama, Mama Muriuki aliutazama kwa tumaini, kisha tumaini likamtoka, akatikisa kichwa. Hapana. Huyo ni Kate. Hapana. Huyo simjui. Karatasi ya sita aliiwekea mkono juu, asiione.

"Sikumbuki," akasema. "Mimi nimemzaa na sikumbuki."

Hapo alilia. Alilia bila sauti, kama watu waliozoea kuishi kwenye nyumba za kuta nyembamba, bega likimtikisika. Jecinta hakujua afanye nini na mikono yake. Akauhamisha mmoja mpaka ukafika kwenye mkono wa yule mama, akauacha hapo. Chai ikashika utando.

"Shosho," akasema baada ya muda, na hilo likawa swali lake la pili kwa siku moja, "wewe ulikuwa unakaa wapi? Yeye akicheza."

"Wapi? Hapa. Jikoni. Nakaanga mandazi. Mashine iko pale, duka lilikuwa dirisha lile. Yeye yuko kwenye mashine, mimi niko nyuma yake." Akajifuta pua kwa kiganja. "Mimi nilikuwa naona mgongo."

"Niambie mgongo."

Mama Muriuki alimtazama kama aliyeambiwa jambo la kipuuzi. Kisha akageuka, akautazama ujia, na uso wake ukabadilika.

"Akitoka shule hata sare havui. Sweta ya kijani, kiwiko hiki kimetoboka. Nilishona, kikatoboka tena. Kola upande mmoja iko ndani, upande mmoja iko nje. Kila siku namwambia." Penseli ilikuwa imeanza kwenda. "Shingo nyembamba. Kichwa anakilaza hivi, upande huu. Bega la kulia liko juu, kwa ajili ya kubonyeza. Hapana, juu zaidi. Hapo. Na mguu, ngoja." Akasimama, mama wa miaka sabini, akashika ukingo wa meza, akavua kandambili moja, akaupandisha mguu wa kushoto juu ya wa kulia, kidole gumba kikikwaruza shavu la mguu. "Hivi. Saa nzima anasimama hivi. Namwambia utaanguka. Anasema mama, ngoja, bado kidogo."

Jecinta alichora mguu juu ya mguu. Akachora tundu la kiwiko, soksi iliyoshuka, kisogo chenye upara mdogo ambapo kinyozi alikosea. Hakufuta kitu hata kimoja. Alipomaliza alitaka kuongeza mashine mbele yake, na mwanga wa kioo ukingoni mwa sikio, lakini Mama Muriuki alimshika mkono.

"Usiongeze."

Akaivuta karatasi upande wake wa meza, akaiegemeza kwenye kopo. Jecinta akasema atakuja siku ya kuhama kusaidia kubeba, akaaga, na hakusikika. Alipogeuka mlangoni, yule mama alikuwa bado ameketi vilevile, mikono mapajani, mguu mmoja hauna kandambili, akikitazama kile kisogo kwa subira, kama mama anayengoja mtoto amalize mchezo, ageuke, aulize chakula kiko wapi.